Gari Likishuka, Daraja Hupanda

Mpwa wangu alinipigia simu Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya mashindano yake ya kwanza ya autokrosi. "Shikamoo mjomba. Gari sasa limekaa chini, ukiliona utalitamani. Nimefunga springi fupi, limeshuka inchi mbili nzima." Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza swali moja tu: kitabu cha kanuni alikisoma kabla ya kumlipa fundi, au hajakisoma mpaka sasa? Simu ikawa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

Jumamosi asubuhi tukakutana kwenye uwanja wa zamani wa ndege, nje kidogo ya mji tunakoishi hapa Marekani. Alikuwa ameshabandika namba yake mlangoni kwa utepe wa bluu wa wapaka rangi, na pembeni yake herufi mbili, HS. Hilo ni daraja la magari ya kawaida kabisa, yale ya kwendea kazini na sokoni. Nikamvuta kando. Nikamwambia, springi ulizofunga haziruhusiwi humo. Akaniambia mkaguzi ameshalipitisha gari. Nikamweleza kwamba mkaguzi wa asubuhi anatazama usalama: nati zimekazwa, betri imefungwa isicheze, pedali ya breki ni ngumu, mikanda inashika, ndani hamna chupa inayoviringika. Daraja unalitamka mwenyewe, na unaaminiwa. Basi kijana akaibandua H kwa ukucha, taratibu, kama anayebandua plasta juu ya kidonda kibichi, akabandika herufi za Street Touring, kundi la juu yake. Gari lake likapangwa pamoja na magari ambayo wenyewe wameyatumikia miaka mitano: rimu pana, kompyuta ya injini imeandikwa upya, kiti cha dereva kimembana mtu mbavu kama mtoto mgongoni. Gari lilishuka inchi mbili, daraja likapanda ngazi nzima. Alimaliza wa mwisho.

Mwongozo huu ni wake, na ni wa kila mwenzetu anayemwamini fundi kuliko karatasi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: autokrosi ya Marekani huchezwa kwenye maegesho makubwa au viwanja vya ndege visivyotumika, juu ya lami au zege. Njia huchorwa kwa koni za plastiki. Kila gari hushindana na saa. Hamgombani kona na mtu. Mzunguko mmoja ni kama dakika moja, mara nyingi pungufu, na gari nyingi huumaliza bila kutoka gia ya pili. Kila koni imechorewa mstari chini kuizunguka. Ukiiangusha au ukiitoa yote nje ya mstari wake, unaongezewa sekunde 2. Ukilikosa lango la koni, mzunguko huo hauhesabiwi. Kwa siku ya kawaida unapewa mizunguko minne au mitano, sita ukiwa na bahati, na ule wa kasi zaidi ndio matokeo yako. Wakati hukimbii, uko uwanjani juani na wenzako, unainua koni walizoangusha wengine.

Chama kikubwa kinachosimamia mchezo huu ni SCCA, kilichoanzishwa mwaka 1944, nao wanauita Solo. Mashindano yao ya taifa yalianza 1973, na kwa miaka mingi sasa yanafanyika Lincoln, Nebraska, ambako zaidi ya madereva elfu moja hukusanyika kila Septemba. Hata nyumbani mchezo upo. Kenya ina ubingwa wake wa taifa wa autokrosi, ila wao hukimbia kwenye udongo, vumbi likiwa sehemu ya starehe, na madaraja yao hutazama hasa gari linasukumwa na magurudumu mawili au manne, na kama lina turbo au halina. Mtu wa gereji anakuelewa mara moja. Marekani wametandaza madaraja kwa makumi, na kila moja lina herufi zake. Hapo ndipo watu hupotea.

Hatua ya kwanza, basi, haihitaji spana. Inahitaji kiti, chai na kitabu cha kanuni za Solo, ambacho kinapatikana bure kwenye intaneti. Kina kurasa mia kadhaa, lakini usiogope, huzisomi zote. Nenda kwenye Kiambatisho A, tafuta gari lako kwa jina na mwaka wa kutengenezwa. Mwaka ni muhimu. Mazda MX-5 ya 1990 na ya 2016 ni ndugu wa damu, na wote huku huitwa Miata, lakini kwa miaka mingi wamepangwa madaraja tofauti. Ukishaliona gari lako, andika herufi zake kwenye karatasi. Hapo ndipo nyumbani kwake, na kuanzia sasa kazi yako ni kuhakikisha halihamishwi bila wewe kujua.

Kisha soma kanuni za kundi hilo ukiwa na sentensi moja kichwani, kwa sababu kitabu kizima kimejengwa juu yake: kama hakikusema unaruhusiwa, huruhusiwi. Sisi tumezoea kinyume chake. Tumezoea kwamba kisichokatazwa ni ruksa, na kilichokatazwa kina mlango wa nyuma. Hapa hakuna mlango wa nyuma. Usitafute mahali palipoandikwa "springi fupi zimekatazwa", hutapaona. Tafuta palipoandikwa zinaruhusiwa. Kama hapapo, zirudishe dukani zikiwa bado na karatasi yake.

Kundi la chini kabisa linaitwa Street. Mpaka 2013 liliitwa Stock, na tangu 2014 ndilo hili. Madaraja yake yanaanza na SS, halafu AS mpaka HS. Hapa gari linabaki karibu kama lilivyotoka kiwandani. Unaruhusiwa shokapu nyingine, breki pedi nyingine, kichujio kingine cha hewa, ekzosi nyingine kuanzia nyuma ya kile kifaa cha kusafishia moshi. Unaruhusiwa kubadili stabilaiza moja, ya mbele au ya nyuma, siyo zote mbili. Rimu lazima iwe na upana uleule wa kiwandani. Kipenyo unaweza kuongeza au kupunguza inchi 1. Tairi ya akiba, jeki na spana zake unaweza kuvitoa. Kiti cha nyuma kinabaki, hata kama hakuna aliyekikalia tangu ununue gari.

Na tairi zenyewe. Chuchumaa kando ya gurudumu, pitisha kidole ubavuni mwa tairi mpaka uone neno TREADWEAR, mbele yake kuna namba. Isipungue 200. Namba hiyo hueleza ugumu wa mpira kwa kulika: ikiwa ndogo, tairi inanata lakini inakwisha haraka. Nimeona mtu amesafiri saa tatu, amelipa ada, amepata foleni, halafu anaonyeshwa namba 100 kwenye tairi zake mwenyewe. Namba ilikuwa pale siku zote, kubwa kama ya nyumba.

Ukitaka zaidi ya hapo, kuna Street Touring. Springi zinaruhusiwa, kompyuta ya injini inaruhusiwa kuandikwa upya, lakini tairi bado ni za 200 kwenda juu, na upana una mpaka wake. Kwa mfano STS, rimu haizidi inchi 7.5 na tairi haizidi milimita 225. Street Prepared ni ya wenye tairi za mashindano. Street Modified ni ya waliobadilisha injini au kufunga turbo ambayo kiwanda hakikuifikiria. Prepared na Modified ni dunia nyingine: magari mengine huletwa juu ya trela kwa sababu barabarani hayaruhusiwi. Kuna CAM, ya magari ya Kimarekani yenye injini kubwa yanayounguruma mpaka koni zinatetemeka, na wapenzi wake ni watu wakarimu sana. Magari ya umeme yana mahali pao, na watoto wana vigari vyao vya karti. Kwenye mashindano ya taifa wanawake wana madaraja yao pia, lakini wengi hukimbia na wanaume na kuwaacha.

Sasa sikiliza jambo linalowaumiza watu kuliko yote. Daraja la gari lako haliamuliwi na wastani wa ulivyovifunga. Linaamuliwa na kile kimoja kilichozidi. Gari linaweza kuwa la kiwandani kwa kila kitu, isipokuwa bomba la kuvutia hewa ulilolinunua kwa sababu lilikuwa na rangi nyekundu nzuri. Bomba hilo peke yake linakutoa Street. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na mizani ya Solo inapima hivyohivyo. Umelipa pesa, umepata nguvu kidogo ambayo hata huisikii, na umejikokota hadi kwenye daraja ambako wenzako wamebadilisha vitu ishirini.

Kwa hiyo, kama gari ulilinunua mkononi mwa mtu, usikubali maneno yake. Mwenye gari la zamani atakwambia "sijagusa kitu", naye anaamini hivyo kwa sababu mambo mengine aliyakuta. Chukua tochi na kalamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Angalia springi: za kiwandani huwa na rangi ya kawaida na alama ndogo za rangi, zikiwa nyekundu, njano au bluu ya kung'aa, kuna mtu alipita. Angalia stabilaiza zote mbili, fungua boksi la kichujio cha hewa, soma namba za rimu upande wa ndani. Andika kila kitu kwenye karatasi moja, halafu kaa na kitabu chako. Kazi hii inachukua alasiri moja na ndiyo yenye faida kuliko zote utakazolifanyia gari hilo mwaka huu.

Mwenye RAV4 asome kwa makini zaidi. Gari refu kwenda juu na jembamba chini linaweza kukataliwa kabisa, kwa sababu kwenye kona ya ghafla linaweza kupinduka. Hapo usibishane na mkaguzi, anakulinda wewe. Muombe ndugu gari jingine. Kanuni zinaruhusu madereva wawili kushiriki gari moja, na wengi huanza hivyo.

Tuje kwenye hesabu, maana nayo ina watu wake wa kuichukia bila kuielewa. Kwa kuwa madaraja ni mengi, kuna siku daraja lako litakuwa na watu wawili. Utajipimaje na uwanja mzima? Vyama vingi hutumia vizidisho vinavyoitwa PAX, vilivyokusanywa kwa miaka mingi na Rick Ruth kutokana na matokeo ya mashindano mbalimbali. Daraja la A Modified lina kizidisho cha 1.000. Mengine yote yako chini yake. Unachukua muda wako halisi, unazidisha. Tuseme wewe wa HS umetumia sekunde 50.0 na kizidisho chako ni 0.780, unapata 39.0. Jirani yako wa Street Modified ametumia 46.5, kizidisho chake ni 0.855, anapata 39.76 hivi. Amekupita kwa sekunde 3.5 mbele ya macho ya watu, na kwenye karatasi umemshinda. Vizidisho hubadilika kila mwaka, kwa hiyo uliza vya mwaka huu. Lakini mpango ni huo. Madaraja ya wageni kwenye vyama vingi huhesabiwa hivyo pia, na kama wewe ni mgeni, ingia humo bila aibu. Ndimo utakamokutana na walioanza siku moja na wewe.

Tazama hesabu hiyo tena na utaona kwa nini springi za mpwa wangu zilimgharimu mara mbili. Kizidisho cha juu kinadhani gari limetengenezwa mpaka ukingoni mwa kanuni: springi, shokapu, rimu, tairi pana, kompyuta, vyote. Yeye alikuwa na springi tu. Alibeba mzigo wa gari ambalo hakuwa nalo.

Wapo pia wanaokosea kwa upande mwingine. Kuna anayechambua matokeo ya mwaka mzima akitafuta daraja lisilo na mtu, ili achukue kikombe. Anakipata. Anapiga picha amekishika, na nyuma yake hakuna wa pili wala wa tatu. Mimi humwambia mtu wa namna hiyo usoni, kwa mapenzi: umekuja kwenye mchezo wa kujua unaendesha vizuri kiasi gani, na umechagua mahali pekee ambapo hutajua. Mwingine huuza gari lake kila majira ya baridi kwa sababu kitabu kipya kimelipendelea gari jingine. Na yupo mwenye bawa. Bawa kubwa la alumini juu ya buti la gari la kwenda dukani, kwenye njia ambayo mwendo wake ni wa gia ya pili. Kwenye Street bawa hilo haliruhusiwi, na kwenye makundi ya juu linahitaji injini na tairi za kwenda nalo sambamba. Ndugu yangu mwenye bawa, lifungue. Kwa bei yake ungekuwa umepata tairi nne nzuri.

Ushauri wangu wa daraja, baada ya miaka ya kuinua koni, ni huu: chukua daraja la chini kabisa ambalo gari lako linastahili kihalali, na katika hayo unayoweza kuyachagua, nenda lilipo na watu. Daraja lenye watu wanane wenye magari yanayofanana na lako ni shule. Tofauti ya nusu sekunde kati yako na mwenzako mwenye gari lilelile haiwezi kuwa ya injini. Ni ya mikono yenu na macho yenu. Na kwenye autokrosi aliyekushinda atakueleza alivyokushinda. Atapanda kiti cha pembeni ukimuomba. Mchezo mwingine wenye tabia hiyo sijauona.

Pesa zitakazobaki zitumie kwa mpangilio. Tairi kwanza, za 200. Halafu ada za kujiandikisha, nyingi kadiri uwezavyo, kwa maana kila tukio linakupa dakika chache tu za kuendesha na hakuna duka linalouza dakika hizo. Shokapu baadaye sana. Kabla ya hayo yote nunua geji ya upepo na kipande cha chaki. Chora mistari mitatu ya chaki kwenye bega la tairi ya mbele, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu, kisha kaendeshe mzunguko. Ukirudi, chuchumaa uangalie. Chaki ikiwa imefutika mpaka ubavuni, tairi inalala kwenye kona; ongeza upepo kidogo. Ikiwa haijaguswa hata begani, punguza. Mpwa wangu alikuwa na chaki ya watoto wake, kijani na waridi, na alipata sekunde moja kwa chaki hiyo siku ileile aliyokuwa wa mwisho. Springi hazikumpa hata robo yake.

Mwezi uliofuata alizirudisha springi za kiwandani, ambazo kwa bahati fundi alikuwa hajazitupa. Alibandika tena namba 47 na HS yake, akakimbia na watu tisa, akawa wa nne. Aliyemshinda kwa karibu alikuwa mama mmoja mstaafu mwenye Corolla, ambaye alisimama naye nusu saa kwenye jua akimwonyesha kwa kidole ni koni gani anaitazama akiwa bado kwenye koni iliyotangulia.

Kama umesoma mpaka hapa, una hamu. Tafuta kalenda ya chama cha magari cha eneo lako na ujiandikishe mapema, maana nafasi hujaa. Fika asubuhi ili upate muda wa kuitembea njia kwa miguu, mara tatu ikiwezekana. Njoo na gari lako lilivyotoka kiwandani, nati zimekazwa, buti tupu, tairi zina upepo. Kofia ngumu kama huna, waandaaji wengi wanazo za kuazimisha, waulize mapema. Springi ziache dukani.